Gari Lililosimama kwa Kasi

Nchi yetu haina makosa. Nalisema hili bila kusita kwa sababu mimi, Mwinjuma Shomvi, karani wa Mahakama ya Barabara kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyeandika kwa mkono wangu kumbukumbu za kesi iliyothibitisha jambo hilo. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa, ila jina letu rasmi lina maneno thelathini na mawili, na wino wa ofisini tunagawiwa kwa mwezi.

Yalianza siku ya uzinduzi wa kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya soko kuu. Kivuko chenyewe kilikuwa mistari saba myeupe. Ilipaswa kuwa tisa, lakini tume bado inaitafuta ile miwili. Kiongozi wetu, ambaye kwa azimio la Bunge huitwa Baba wa Mwelekeo, alifika mwenyewe, akakata utepe, akavuka mara tatu huku akipigiwa makofi, kisha akasema kwa unyenyekevu kwamba siku hiyo angeendesha gari lake jeusi kwa mikono yake. Dereva akashuka. Mabalozi wakafuta machozi. Baba wa Mwelekeo akapanda, akawasha, akaingiza gia, na gari likaenda nyuma.

Naandika "nyuma" kwa kuwa siku ile tulikuwa bado hatujapewa maelekezo. Maelekezo yalikuja jioni, redioni. Kama mjuavyo, kaulimbiu ya taifa letu ni Hatutarudi Nyuma, na imechapwa kwenye sarafu, kwenye madaftari ya shule na kwenye mifuko ya saruji. Tena Kifungu cha Nne cha Sheria ya Barabara kinasema wazi kwamba gari la serikali haligongi, hugongwa. Kwa hiyo gari la Baba wa Mwelekeo halikurudi nyuma wala halikugonga kitu. Kilichotokea ni kwamba gari dogo la bluu la Mwalimu Hiari Mkwizu, lililokuwa limeegeshwa pembeni, injini imezimwa, breki ya mkono imepandishwa, na jiwe limewekwa chini ya tairi, lilisimama kwa kasi ya kilomita themanini kwa saa.

Mwalimu Mkwizu ni mstaafu. Alifundisha jiografia miaka thelathini na minne, na bado huongea kama mtu mwenye ramani ukutani. Siku ile alikuwa anatoka hospitali na mkewe, Bi. Semeni, ambaye figo zake zimechoka na ambaye kila Jumanne na Ijumaa lazima aende kusafishwa damu kwa mashine upande wa pili wa mlima. Walikuwa wamesimama kununua ndizi. Boneti ya gari lao ikaingia bonde, taa moja ikapasuka, na askari kumi na wanane wakalizunguka gari wakiliamuru liweke mikono juu.

Hapo ndipo Mwalimu, kwa ule uaminifu wa watu waliosoma zamani, alipofanya kosa lake.

"Afande," alisema, "hakuna haja ya kubishana. Mimi nina kamera. Kila kitu kimo humu."

Akaonyesha kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichobandikwa kwa gundi kwenye kioo cha mbele. Binti yao alimtumia kutoka ng'ambo, baada ya baba yake kukamatwa mara tatu kwa kupita taa nyekundu kwenye makutano ambayo hayajawahi kuwekwa taa. Askari wakatazamana. Kugonga msafara wa serikali ni kosa dogo, watu hufungwa wakatoka. Lakini kuona?

*

Kituoni walimfikisha mbele ya Inspekta Mng'ong'o, mkuu wa Kitengo cha Mtazamo, mtu mnene na mpole ambaye humwita kila mshtakiwa "ndugu yangu" hadi siku ya hukumu. Maelezo aliyoyachukua niliyapokea baadaye mahakamani, nami nayanukuu.

"Ndugu yangu, una leseni ya kuendesha?"

"Ninayo, afande."

"Una leseni ya kuona?"

"Ya kuona nini?"

"Hilo ndilo swali tunalokuuliza sisi. Gari lina dereva mmoja. Dereva ana macho mawili. Wewe gari lako lina jicho la tatu, halijapimwa na daktari wetu, halijasajiliwa, na halifumbi. Binadamu akiona jambo la serikali hufumba macho, ndiyo adabu. Hili lako linafumba saa ngapi?"

"Nikizima injini."

"Na ulikuwa umezima injini."

"Ndiyo, lakini likitikiswa linawaka lenyewe, na watu walikuwa wanalitikisatikisa gari wakisukumana wamwone Kiongozi."

Inspekta akaweka kalamu chini. "Andika," akamwambia msaidizi wake, "mshtakiwa anakiri kwamba jicho huamka lenyewe."

Mashtaka yakawa matano. La kuliegesha gari kwa mwendo wa hatari lilikuwa la mwisho, tena kwa maandishi madogo.

La kwanza lilikuwa kuziba kioo cha mbele. Wataalamu walipima wakakuta kamera imeziba sehemu moja ya mia mbili ya kioo. Ni kweli kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa imefunikwa na stika za lazima: ya bima, ya ukaguzi, ya zimamoto, ya wiki ya usalama barabarani, ya kuthibitisha kwamba stika zilizotangulia ni halali, na ile kubwa ya mviringo inayosema Dereva Tazama Mbele. Mwalimu huendesha kwa kuchungulia kwenye tundu la ukubwa wa kiganja. Lakini stika ni za serikali, na kitu cha serikali hakizibi, hupendezesha.

La pili, kuwapiga picha wananchi bila ridhaa yao. Mwalimu alitakiwa alete fomu zilizotiwa sahihi na watu wote waliopita mbele ya gari lake tangu Januari. Alikwenda akakaa sokoni siku mbili na meza ya kukunja, akapata sahihi mia tatu na tisa na dole gumba la muuza dagaa. Inspekta akazikataa, kwa kuwa palikuwa na mbuzi kwenye picha ya tarehe sita Machi, na mwenye mbuzi hajajitokeza.

La tatu lilikuwa sauti. Kidude kile hunasa na maneno, na ndani yake alisikika Bi. Semeni, gari likiruka shimoni, akisema, "Hii barabara si ndiyo ile waliyoizindua mwaka jana? Na mwaka juzi?" Kwa sheria yetu mke anaweza kumlalamikia mumewe ndani ya gari, lakini malalamiko yakihifadhiwa yanakuwa chapisho, na chapisho lazima lipelekwe kwanza kwa mhariri wa wizara.

La nne sikulielewa, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu kwenye hati liliandikwa tu, "Na mengineyo."

*

Gari lilivutwa hadi uani mahakamani likafungwa mnyororo. Likaitwa Kielelezo A, na kamera ikaachwa palepale kwenye kioo ikaitwa Kielelezo B. Jiwe lililokuwa chini ya tairi likaitwa mshukiwa wa pili, likawekwa mahabusu.

Mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Kila asubuhi Bi. Semeni alifika langoni, amejifunga khanga mbili, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mtatupa gari?" Nami nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu kwa miaka kumi na tisa, "Mhusika hayupo, mama. Njoo kesho." Ni jibu zuri. Halina matusi, halina ahadi, na mtu huondoka na tarehe mkononi.

Bodaboda hakuweza kupanda, kizunguzungu kilishamwangusha mara moja. Basi mumewe akaazima mkokoteni wa jirani, akatandika godoro, akawa anamsukuma kupanda mlima, mzee wa miaka sitini na saba, anaondoka alfajiri ili afike saa nne. Ijumaa ya pili mvua ilinyesha, mlima ukawa utelezi, wakarudi njiani. Jumatatu nilimwona kwenye benchi la mahakama amevua viatu, kwa kuwa miguu imevimba haingii tena. Uso wake nao umejaa maji. Niliona haya. Nilijaribu kutafuta fomu inayohusiana na hisia hiyo, sikuipata.

Muuguzi alikuwa amemwambia Mwalimu waziwazi kwamba wakikosa mara mbili mfululizo, asije akalaumu mashine.

*

Kesi ilisikilizwa Jumatatu hiyohiyo mbele ya Hakimu Mbwilo, mwanamke makini ambaye hajawahi kutoa hukumu kabla ya kusikiliza redio. Siku hiyo tulisogeza mahakama uani, kwa kuwa Kielelezo A hakikupita mlangoni.

Inspekta Mng'ong'o alisimama akahutubia saa nzima. "Mheshimiwa Hakimu, leo ni kamera kwenye gari. Kesho itakuwa kwenye baiskeli. Keshokutwa kila mtu atajua kilichotokea! Je, taifa litasimama wapi, ikiwa kila tukio litakuwa limetokea namna moja tu?" Watu wakapiga makofi, kwa sababu alinyamaza mahali pa kupigia makofi.

"Na ndani ya hiyo kamera mna nini cha siku ya tukio?" Hakimu aliuliza.

"Hatujui, Mheshimiwa. Picha za siku nyingine tumezitazama zote, lakini na ushahidi wa siku ile upande wa mashtaka umejiepusha kabisa, ili usije ukatuathiri."

"Karani, iwashe."

Nikaingia garini, nikabonyeza kitufe. Kioo kidogo cha kidude kikawaka, na picha ya kwanza ya video ya mwisho ikatokea imeganda. Nikaruka nikagonga kichwa kwenye paa. Ndani ya kioo cha nyuma cha gari lile jeusi, amegeuka shingo, mkono mmoja juu ya kiti, ulimi umetoka kidogo pembeni kwa umakini, alikuwapo Baba wa Mwelekeo, anatazama nyuma.

"Ni picha ya Kiongozi," nikasema.

Mahakama nzima ikasimama. Hakimu akavua miwani. Inspekta alipiga saluti akabaki nayo, maana hakuna mwenye cheo cha kumwambia ashushe mkono.

Lazima nieleze, kwa faida ya msomaji wa mbali. Kwetu, picha ya Kiongozi hutundikwa katika kila ofisi, juu kuliko vichwa vyote, na Sheria ya Picha haina mchezo. Picha hiyo haifutwi, haizimwi, haitazamwi na mtu aliyekaa, wala haichunguzwi bila kibali. Na popote itakapokuwa imetundikwa, kwa msumari, kwa gundi au kwa namna nyingine, hapo ni ofisi ya serikali. Kinyozi mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuitundika ukutani kwa mapenzi tu. Asubuhi yake akakuta foleni ya watu wanatafuta vyeti vya kuzaliwa. Akawaambia waje kesho, na kwa miezi minane hakuna aliyehisi kwamba yule si ofisa.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwapo, na haukutazamika. Kuuchezesha mbele kungekuwa kumchunguza Kiongozi. Kuuzima kungekuwa kumzima. Tuliomba kibali Ikulu kwa simu, Ikulu wakasema tueleze kwanza kilichomo. Tukasema hatuwezi kujua bila kibali. Wakasema wamefurahi kusikia hivyo, wakakata.

Inspekta, mkono bado kwenye paji la uso, akaomba kesi iahirishwe kwa miaka mitatu na gari libaki palepale chini ya ulinzi. Hakimu akainua kalamu. Nilimwona Mwalimu Mkwizu akimtazama mkewe, akihesabu kwa vidole Jumanne na Ijumaa zilizomo ndani ya miaka mitatu, akaacha.

Ndipo Bi. Semeni aliponyoosha mkono. Hakuomba ruhusa ya kusimama, kwa kuwa asingeweza.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sheria. Nauliza tu. Hiyo picha iliingia kwenye gari letu kabla ya kishindo au baada?"

Hakimu akanigeukia. Chini ya picha palikuwa na saa. "Saa tano, dakika kumi na mbili, sekunde sita," nikasoma, nimesimama kwa kuinama.

"Na kishindo?" Hakimu akauliza.

Inspekta akalazimika kusoma ripoti yake mwenyewe. "Saa tano, dakika kumi na mbili... sekunde kumi."

"Basi," alisema Bi. Semeni, "kwa sekunde nne lile gari lilikuwa tayari ni ofisi ya serikali. Limetundikwa picha kwa gundi. Na gari la serikali, nasikia, haligongi."

Mnyororo ukalia kwa upepo. Hakimu Mbwilo alifungua Sheria ya Picha, akafungua Sheria ya Barabara, akaziweka sambamba, akazitazama kama mtu aliyewakuta majirani wawili wanaonuniana wamekaa benchi moja. Akaomba nusu saa ya kusikiliza redio. Redioni palikuwa na taarabu tu. Ikabidi aamue mwenyewe, na tangu siku hiyo ana shinikizo la damu.

Hukumu yake nimeiandika kwa herufi kubwa. Magari yote mawili yalikuwa ya serikali, kwa hiyo yote yaligongwa na hakuna lililogonga. Mwalimu Hiari Mkwizu hana hatia. Jiwe liachiwe huru. Mwenye kosa ni kivuko, kilichokusanya watu mahali pamoja bila tahadhari, nacho kifutwe kwa lami nyeusi kabla ya jua kuzama. Kilifutwa. Mwaka huu kitazinduliwa tena.

Mwalimu alilia kwa furaha, akamshika mkewe mkono. "Twende nyumbani, mama Neema. Kesho ni Jumanne."

"Mwalimu," Hakimu alimwita, akifunga faili, "mnakwenda na nini? Hiyo ni ofisi ya serikali."

*

Jioni ileile gari likapewa namba: Ofisi 8,114. Likapigwa rangi ya serikali upande wa kulia, rangi ikaisha. Mkuu wake wa kwanza nikateuliwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na funguo. Nikakabidhiwa muhuri, kitabu cha wageni na bendera ndogo. Dereva akateuliwa Mwalimu Mkwizu, bila mshahara, baada ya madereva saba wa serikali kujaribu kuchungulia kwenye lile tundu kati ya stika wakashindwa kuona hata boneti. Majukumu ya ofisi yangetajwa baadaye. Hadi hapo ikae uani, na iwahudumie wananchi kwa mujibu wa taratibu.

Jumanne saa mbili kamili nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, muhuri mapajani. Mwalimu alikuwa kwenye usukani, macho mekundu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Hodi ofisini."

"Karibu, mama."

Bi. Semeni aliingia polepole, akiinua mguu mmoja kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine, halafu wa pili. Akakaa, akatweta.

"Shida yako, mama?"

"Hospitali."

Nikafungua kitabu cha wageni. Nikaandika jina, nikaandika shida. Mdomo wangu, ambao una uzoefu kuliko mimi, ukaanza wenyewe. "Mhusika hayupo, mama. Njoo kes..."

"Kesho ni Jumatano, mwanangu," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayenikumbusha nilipoweka kofia. "Jumatano mashine si yangu."

Nilimtazama mumewe kando yangu, nikageuka nikaitazama miguu ya mama, nikaitazama kamera iliyoning'inia juu ya vichwa vyetu, taa yake nyekundu inapepesa. Inaona kila kitu, na Baba wa Mwelekeo yumo ndani amegeuka shingo, ananitazama mimi. Miaka kumi na tisa sijawahi kutoa jibu lingine. Sikujua hata linaanzaje. Nikapiga muhuri kwenye paja la suruali yangu badala ya kitabu.

"Mwalimu," nikasema, "washa ofisi."

Ofisi 8,114 ilipanda mlima kwa gia ya kwanza, bendera ikipepea, na askari wote njiani walitupigia saluti. Hospitali muuguzi alituuliza sisi ni nani. Nikamwambia ni serikali. Akasema hajawahi kuiona ikifika, akamchukua mama, akamlaza. Mwalimu alikaa kwenye ngazi akaweka uso kwenye viganja. Mimi nikafungua kitabu cha wageni, kwenye ule mstari wa mwisho ulioandikwa Imetatuliwa, ambao tangu niajiriwe sijawahi kuujaza, nikaandika Ndiyo. Nikaikagua spelingi mara mbili.

Bila shaka nilishtakiwa. Ijumaa ileile, tuliporudi tena kutoka hospitali, nilikuta barua mezani kwamba nimetumia ofisi vibaya kwa kumhudumia mwananchi siku ileile aliyofika, mbele ya picha. Ushahidi wao ni kamera, ambayo hawana kibali cha kuitazama. Hata hivyo mimi ni mtumishi mtiifu, na Jumatatu asubuhi nilivaa tai nikaenda kujisalimisha kwenye Kamati ya Nidhamu, chumba namba sita.

Karani wa pale ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alisoma barua yangu hadi mwisho, akainua macho.

"Mhusika hayupo, mzee," alisema. "Njoo kesho."

Nimekuwa nikienda kila siku ya kazi kwa miezi saba sasa, isipokuwa Jumanne na Ijumaa, ambazo nina udhuru. Leo ni Ijumaa. Mama ameshakaa kiti cha nyuma, na amevaa viatu.